Maswali Yenu: paa linalovuja, mlinzi aliyetumika miaka 14 na laini ya mhazini

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wazee wa kanisa na wahazini wa sharika, wanaofunga mwaka na kukabidhiana ofisi. Tumeziunganisha zinazofanana.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Kanisa letu limeezekwa bati za migongo za geji 30, sasa ni miaka 15. Kila masika linavuja juu ya kwaya. Fundi amekuja mara tatu, akagongomea misumari na kupaka lami, lakini msimu ukirudi panavuja palepale. Tuezue lote?
*Mzee wa kanisa, Moshi Vijijini*

JIBU: Msiezue kitu kwanza, mzee wetu. Panapovuja hivyo, mara nyingi bati ni zima na ubovu uko kwenye tundu la msumari. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na kila siku huuvuta msumari kidogo. Raba iliyo chini ya kichwa nayo hukaushwa na jua hadi ikapasuka. Fundi akiugongomea tena, msumari unarudi kwenye tundu lilelile lililokwisha kulegea ndani ya papi (mbao zinazoshikilia bati), na nyundo inaubonyeza mgongo wa bati. Hapo amewachimbia kibakuli cha kutuamisha maji. Lami nayo hupasuka, maji yakaingia chini yake yasipate pa kutokea, na bati likaoza bila mtu kuona.

Kwanza litafuteni tundu lenyewe. Maji hutambaa juu ya papi na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kabla hayajadondoka, kwa hiyo doa la darini linaweza kuwa mita moja au mbili chini ya mahali yanapoingilia. Mmoja aingie darini na chaki na tochi, mwingine awe juu na mpira wa maji. Anzeni kwenye fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) mkipanda kuelekea kofia (bati la kileleni), kila sehemu imwagiwe dakika 5 kabla ya kusogea. Mkianzia juu, maji yatalowesha kila mahali na hamtajua lolote.

Msumari mbovu ung'olewe kwa mtalimbo mdogo, kipande cha ubao kikiwekwa chini yake ili bati lisibonyee. Badala yake iingie skrubu ya bati ya inchi 2½ yenye washa ya raba, mgongoni na si bondeni, ishike mbao angalau sentimita 3. Ikazwe mpaka raba itokeze kidogo pembeni, basi. Ikibanwa hadi ipasuke mmerudi mlikotoka. Papi ikiwa imeoza, ongezeni kipande cha mbao cha inchi 2x2 pembeni yake ndipo mfunge. Bati lenyewe libadilishwe pale tu kutu ilipokula eneo kubwa kuliko sarafu ya shilingi 200, na jipya lilaliane na la zamani sentimita 15 kwa urefu na mgongo mmoja na nusu ubavuni. Mkienda dukani kumbukeni kuwa namba ya geji ikipungua, bati linazidi unene: 28 ni nene kuliko 30.

Kazi ifanyike Februari kabla ya masika, au Septemba kabla ya vuli. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari, ambako kuna papi chini, na ngazi ifungwe kamba juu. Fundi mlipeni kwa idadi ya skrubu. Anayelipwa kwa siku hana haraka ya kuacha kurudi.

SWALI: Tunataka kuvuna maji ya paa kwa ajili ya vyoo na usafi. Kanisa ni mita 12 kwa 25. Tenki la lita ngapi?
*Katibu wa usharika, Njombe*

JIBU: Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lenu linafunika mita za mraba 300, hivyo mvua ya milimita 20 inaleta lita 6,000. Ondoeni moja ya tano inayomwagika na kurukia pembeni, mnabaki na 4,800. Tenki la lita 5,000 linakaribia kujaa kwa mvua moja nzuri. Likijaa lina uzito wa tani 5, na hapa ndipo wengi wanapokosea, wakaliweka juu ya udongo ulioshindiliwa kwa miguu. Mwageni jamvi la zege lenye nondo. Bomba la kumwaga maji ya ziada lielekezwe mbali na msingi, na gata iteremke sentimita 1 kwa kila mita 2.

SWALI: Baraza la wazee limeamua kumwachisha mlinzi aliyetumika miaka 14, tuchukue kampuni ya ulinzi. Hakuwahi kupewa mkataba, analipwa "posho" kila mwisho wa mwezi. Tumpe asante ya kiasi gani?
*Mhazini, Dodoma*

JIBU: Ndugu mhazini, hilo si suala la asante. Mtu anayekuja kazini kwa ratiba yenu na kulipwa kila mwezi ni mwajiriwa, hata mkiziita fedha zake posho. Kukosa karatasi ni kosa lenu, si lake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawataka mumweleze nia yenu na sababu zake, mkashauriane naye kabla ya uamuzi. Kwa hiyo kikao mlichokwisha kukaa kimetangulia mbele ya hatua. Rudini nyuma, mumwite. Mkikubaliana kuachana, mpeni notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 28 au malipo yake, na mshahara wa siku alizofanya kazi. Likizo aliyoilimbikiza ilipwe; ya mwaka ni siku 28. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10: kwa mlinzi wenu ni siku 70. Kama mlimtoa mbali, kuna na nauli ya kumrudisha kwao. Mwandikieni cheti cha utumishi pia, maana bila hicho atahangaika kupata kazi nyingine.

Kama michango yake ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) haikulipwa, hilo ni deni jingine, na haliishi kwa yeye kuondoka. Akiona ameachishwa isivyo halali, ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kinachomkera mzee wa namna hiyo kwa kawaida ni kuzisikia habari zake getini kutoka kwa waumini kabla hajaitwa ofisini.

SWALI: Mhazini wetu anahamia mkoa mwingine. Sadaka za simu zinaingia kwenye laini aliyoisajili yeye. Tufanyeje?
*Mwinjilisti, Tanga*

JIBU: Laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyake ni yake, na kadi mkiwa nayo nyinyi haibadili kitu. Ikipotea, ni yeye tu atakayeirudisha. Kabla hajaondoka sajilini laini kwa jina la usharika kwa kutumia TIN (namba ya mlipakodi), mhamishe salio mbele ya watu watatu, mwandike kiasi na saa. Laini ya zamani iachwe hai miezi mitatu, maana kuna waumini wameihifadhi na wataendelea kuitumia.

Benki nao watataka muhtasari wa kikao unaowataja wanaotoka na wanaoingia, umesainiwa na mwenyekiti na katibu. Mengine ya kukabidhiana: stakabadhi ambazo hazijatumika kwa namba zake, namba ya mita ya umeme ya LUKU, funguo za sefu zote. Rejista ya ubatizo isitoke ofisini hata kwa siku moja.

SWALI: Usafi wa kanisa unafanywa na akina mama walewale wanne. Wengine hujiandikisha, wakaja mara moja, wakapotea.
*Mama wa usharika, Mbozi*

JIBU: Mama, angalia kwanza stoo. Anayefika Jumamosi asubuhi akakuta mlango umefungwa na ndoo moja iliyotoboka, harudi. Wekeni mafagio 4, ndoo 3 na madekio 3, vihesabiwe kila zamu, na ufunguo uwe kwa jirani wa kanisa. Zamu zipewe jumuiya badala ya mtu mmojammoja, zipangwe kwa mwaka mzima na zibandikwe mlangoni. Watu 6 wanatosha. Waanze na utando wa buibui, wafuate mabenchi, sakafu iwe ya mwisho. Dekio likamuliwe vizuri, kwa sababu miguu ya mabenchi inayolala kwenye maji huoza, na mchwa hupenda mbao yenye unyevu.

SWALI: Spika zinapiga mluzi mhubiri akisogea mbele.
*Kijana wa mitambo, Morogoro*

JIBU: Mikrofoni inasikia sauti ya spika na kuirudisha tena kwenye spika. Sogezeni spika mbele ya mimbari zikitazama watu, mhubiri abaki nyuma ya spika, na mikrofoni ya kwaya isiyotumika izimwe. Umeme ukikatika, chomoeni amplifaya; ukirudi, subirini dakika 5 kabla ya kuichomeka.