Kichujio Chekundu na Anga Lililopauka

Swali: Mhariri, ninapiga picha kwa filamu ya nyeusi na nyeupe. Mawingu ninayoyaona kwa macho hayaonekani pichani, kwani anga lote hutoka jeupe. Je, kichujio cha rangi kitasaidia, na nianze na kipi?

Jibu: Kitasaidia sana. Filamu hiyo hupokea mwanga wa buluu kwa wepesi kuliko macho yetu, ndiyo maana anga na mawingu hukaribiana weupe. Kichujio, yaani kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, hupitisha mwanga wa rangi yake na kuzuia ulio kinyume chake. Kwa hiyo cha njano hulitia anga giza kidogo, cha rangi ya chungwa hulikoleza, na chekundu hulifanya karibu jeusi. Mwaka 1927, huko Yosemite nchini Marekani, mpiga picha Ansel Adams alilipiga picha jabali la Half Dome kwa kichujio cha njano, akaona hakitoshi, akaweka chekundu kizito, na anga likatoka na giza alilolikusudia.

Anza na cha njano. Kila kichujio hula mwanga: cha njano nambari 8 hudai uongeze stopu 1 (kila stopu huongeza mwanga maradufu), na chekundu nambari 25 stopu 3, yaani kutoka 1/250 ya sekunde hadi 1/30, kasi ambayo mtikisiko wa mkono huanza kuonekana pichani. Kamera yako ikipima mwanga kupitia lenzi yenye kichujio, usiongeze tena. Kwa maoni yangu, chekundu hakifai kwa picha za watu, kwa sababu midomo hupauka. Wala hakisaidii siku ya mawingu matupu, kwa kuwa hakuna buluu ya kuzuiwa.