Kwa Kijana Aliyeniandikia Kuhusu Antimata

Juma lililopita kijana mmoja wa Kakamega aliniomba nimwelekeze namna ya kuchapisha modeli yake ya ulimwengu, ambamo nusu ya galaksi zote ni za antimata, yaani pacha wa maada ya kawaida mwenye chaji za umeme zilizo kinyume. Niliusoma ujumbe wake mara tatu, kwa maana zamani ningeweza kuuandika mimi mwenyewe.

Nilikuwa nikifundisha fizikia hapa Kisumu, na usiku nikijaza daftari. Nilishikilia kwamba maada na antimata zilizaliwa kwa kiasi sawa, kisha zikafukuzana badala ya kuvutana, kila moja ikatwaa upande wake wa anga. Wanafunzi niliwaambia kwamba embe la antimata lingepaa kutoka mtini. Nilijisifu mno kabla ya kugundua kwamba Benoit-Lévy na Chardin, wanafizikia wa Ufaransa, walikwisha kuchapisha wazo kama hilo mwaka 2012, tena kwa hesabu zilizonishinda.

Septemba 2023 matokeo ya jaribio la ALPHA-g la CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, yakatoka. Atomu za antihaidrojeni, yaani haidrojeni ya antimata, zilizonaswa kwa sumaku ndani ya mtungi uliosimama wima ziliachiliwa taratibu, na takriban asilimia 80 zikatokea upande wa chini. Mwenzangu alisubiri chai imiminwe, akasema mbele ya wote, “Mwalimu, embe lako nalo limeanguka.” Walicheka. Bado linaniuma, sitaficha.

Basi mdogo wangu, kabla ya kutafuta mchapishaji, tafuta kitakachoiua modeli yako. Galaksi za maada zikipakana na za antimata, gesi zitagusana mpakani, na elektroni ikikutana na positroni, pacha wake wa antimata, zote mbili huangamia zikatoa miale ya gama ambayo darubini zingepaswa kuiona. Hazijaiona. Anza hapo, ukae hapo, wala usikimbilie kurasa za sifa kama nilivyofanya.

Usidhani wakubwa wamemaliza kazi. Mwanafizikia Sakharov alitaja mwaka 1967 masharti matatu ya maada kuizidi antimata, lakini tofauti zilizokwisha kupimwa kati ya hizo mbili ni ndogo mno kueleza kwa nini sisi tupo. Nafasi ipo, ila ni ya mwenye kuhesabu. Ninyi vijana mnapenda kuchora galaksi na kuogopa milinganyo.

Nimemwomba aniletee Jumamosi hesabu ya miale ya mpakani. Nami nitakuja na daftari langu, michoro ya maembe ikiwemo.