Sufuri iliyonifungia gari Biashara Street

Mliuliza wiki hii: "Je, ada ya kuegesha gari katikati ya Nairobi ipandishwe ili kupunguza msongamano?" Jibu langu ni hapana, na nilipanga kuliandika kwa mstari mmoja nirudi kwenye cherehani. Ila swali limenichokoza, maana linaulizwa kana kwamba shida yetu ni bei.

Bei imeshachezewa sana. Enzi za gavana Kidero ilitoka shilingi 140 ikaruka hadi 300. Baadaye ikashuka hadi 200, kisha mwisho wa 2019 kaunti ikataka 400, mahakama ikasimamisha. Niambieni, katika hizo zote, ni lini mlipita Moi Avenue saa kumi na moja jioni bila kukwama? Tumejaribiwa na mengine pia. Mwaka 2015 tuliwekewa mapipa kwenye raundabauti za Uhuru Highway ili tusikate kulia. Mapipa! Halafu ile Jumatatu ya Desemba 2018, matatu zilipozuiwa kuingia mjini. Mimi siku hiyo nilikuwa na viatu vipya, na amri ilisimamishwa kabla malengelenge yangu hayajapasuka.

Kinachoniuma mimi si hayo. Mtu akishalipa, nani anajua amelipa?

Ilikuwa Januari, wiki ya kufungua shule. Mimi hushona yunifomu mtaani Umoja, na kitambaa nachukua Biashara Street, katikati ya mji. Siku hiyo nilichukua Probox ya mume wangu, nikafika kabla ya saa mbili ili nipate nafasi mbele ya duka lenyewe, na nikaipata. Nikalipa kwa simu palepale, injini bado moto. Miwani nilikuwa nimeisahau juu ya cherehani. Ujumbe ukaingia kwamba malipo yamepokelewa, nikatia simu mkobani, raia mwema kabisa.

Dukani nikaambiwa gaberdini ya buluu imeisha, lori liko njiani na mzigo mpya, subiri kidogo, mama. "Kidogo" ya Biashara Street mnaijua. Nikachagua vifungo. Nikaenda kunywa chai, nikarudi. Nikabishania bei ya zipu ambazo hata sikuzihitaji. Saa sita nilipotoka nje, gurudumu la mbele lilikuwa limekumbatiwa na klampu ya manjano, kufuli linaning'inia kama hereni.

Nilipiga kelele ambazo sijivunii. Kijana aliyekuwa na kazi hiyo hakupaza sauti hata mara moja. Nikamwekea simu puani: "Soma! Nimelipa!" Akasoma taratibu, akatazama namba ya gari, akatazama simu tena, kisha akaniita karibu.

"Mathe, hapa umeweka O. Herufi. Gari yako ni sufuri."

Nikaivuta simu mbali na macho, kama tunavyofanya sisi wa umri huu. Kweli. Ilikuwa O nono, ya duara, katikati ya tarakimu. Nilikuwa nimelipia gari lisilokuwapo duniani.

"Lakini si unaona nilitaka kulipa?"

"Mimi naona, mathe. Mashine haioni."

Faini ikala faida ya kaptula ishirini. Kisha ikawa kungoja anayekuja kufungua, saa nzima na zaidi, nimeegemea boneti, kila anayepita anaipa klampu pole badala ya kunipa mimi. Mama mmoja muuza soksi aliniuliza kama ninauza gari.

Sasa kuna kipande ambacho sijawahi kumsimulia mume wangu, na nilikuwa nimeamua kukiruka hapa pia. Klampu ilipotoka nikarudisha gari nyuma, na kabla sijashika barabara vizuri, lori likaingia kwenye ile nafasi. Taniboi akaruka chini, akaanza kushusha majora. Gaberdini ya buluu. Dereva alikuwa anazunguka mtaa ule tangu saa nne akitafuta pa kusimama. Kitambaa nilichokuwa nakingoja kilizuiwa na gari nililokuja nalo kukichukua.

Na hapo ndipo "hapana" yangu inapolegea. Ada tuliyoizoea barabarani ni ya siku nzima. Ukishalipa, ukae dakika 10 au ukae mpaka jioni, ni mamoja. Kwa hiyo anayewahi, awe wa ofisini au mshona nguo, anafunga mlango na kuifanya barabara ghala lake. Wengine wote wanabaki kuzunguka, kisha tunawaita msongamano.

Basi pandisheni. Nimeshasema. Lakini ada iwe ya kila saa: saa ya kwanza iwe rahisi kuliko sasa, ya tano iume. Maduka yatengewe mahali pa kushushia mizigo asubuhi, na anayeleta mgonjwa asiguswe. Na siungi mkono hata shilingi moja ya nyongeza kabla mfumo wa malipo haujaanza kukataa herufi panapotakiwa tarakimu. Hilo halihitaji sera, linahitaji kijana mmoja na kompyuta na alasiri moja. Nikisoma nilichoandika sina hakika kama bado ni "ndiyo" au nimesharudi kwenye "hapana". Mhariri anihesabu atakavyo.

Probox siku hizi inabaki Umoja. Naenda na matatu, narudi na majora mawili mapajani, na kondakta hunitoza kiti cha pili. Nimelalamika. Anasema kitambaa nacho kimekaa.

Fundi wa yunifomu, Umoja