Wati elfu moja kwenye boksi, sauti iko wapi?

Barua za mwezi huu kuhusu muziki wa gari zimetoka Goma, isipokuwa moja ya Bukavu. Zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Wandugu wa gazeti, jambo. Nina Toyota Noah yenye usukani wa kulia. Nilinunua Birere spika nne zilizoandikwa wati 1000, pamoja na redio mpya ya skrini. Wanaopanda wanasifu kwamba inapiga kwa nguvu, ila mimi nasikia waimbaji wamezama na besi haina uzito. Nitajuaje shida iko wapi kabla ya kutoa dola zingine? — Msomaji wa Katindo, Goma

Ndugu, funga pochi kwanza. Gari likipiga kwa nguvu bila uzito, mara nyingi kosa liko kwenye ufungaji, na kulirekebisha hakuhitaji spika mpya.

Anza kwa kusikiliza. Egesha mahali patulivu, zima injini, funga vioo, ufunguo ubaki kwenye alama ya redio tu. Rudisha besi, trebo na ekwalaiza kwenye sifuri, kitufe cha LOUD kizimwe. Weka wimbo unaoujua kwa moyo. Rumba inafaa kuliko muziki uliotengenezwa wote kwa kompyuta, maana ndani yake mna gitaa la besi, solo, mi-solo (lililo kati ya solo na la kusindikiza), la kusindikiza, waimbaji wanaopishana sauti na manyanga, na sikio lako linajua kila kimoja kinavyotakiwa kulia. Fuata kimoja kimoja. Mwimbaji asikike mbele yako, usawa wa dashibodi, si kwenye goti. Solo na mi-solo zikigandana kwenye sebene hadi huzitofautishi, sauti za kati zimechafuka. Herufi s na ch zikichoma sikio, twita (vispika vya sauti nyembamba) zimezidi au redio imesukumwa kupita uwezo wake. Kwenye besi, mpigaji akishuka nota kwa nota, kila nota isikike na kimo chake. Zikilia zote "bum" ile ile, unachosikia ni bati la mlango. Wala usidai miujiza: uzi mzito wa gitaa la besi hulia kwa 41 Hz, na spika ya sentimita 16.5 mlangoni huanza kuchoka hata kabla ya kushuka hadi 60.

Dalili zako zinatufanya tushuku kwanza nyaya zilizogeuzwa. Peleka balansi yote kushoto, kisha yote kulia, halafu katikati. Besi ikipungua pale pande zote mbili zinapolia pamoja, spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Thibitisha kwa betri ndogo ya volti 1.5: chomoa plagi nyuma ya redio, gusisha chanya kwenye waya unaoungana na ule wa rangi tupu wa redio, na hasi kwenye unaoungana na wenye mstari mweusi, kwa kitambo kidogo tu. Koni ya kila spika iruke kwenda nje. Inayoingia ndani, geuza nyaya zake. Usitegemee rangi za nyaya za gari lenyewe. Za Toyota hazifanani na za redio za dukani, na hapo ndipo mafundi wenye haraka hukosea.

Sasa hizo wati. Redio inalishwa volti 14.4 wakati injini inawaka. Kwa volti hizo, spika ya omu 4 haiwezi kupata zaidi ya wati 26 safi hata kwa hesabu ya karatasini, na kwa kweli hupata 18 hadi 20, hata redio ikiandikwa "50 x 4". Kwa hiyo 1000 ya kwenye boksi ni rangi ya kupendezesha. Tafuta namba mbili ndogo zilizoandikwa pembeni: wati za RMS (nguvu halisi inayodumu), na wepesi wa spika kwa desibeli (inavyolia kwa nguvu ikilishwa wati moja). Spika ya desibeli 92 ikilishwa wati 20 inalia sawa na ya desibeli 86 inayolishwa wati 80. Asiye na ampli (kikuza sauti cha nje ya redio) asinunue iliyo chini ya 90.

Nyaya zikiwa sawa, rudi kwenye mlango, na hapa ndipo tungependa dola zako ziende. Mlango ni bati jembamba lenye matundu makubwa. Hewa inayotoka mgongoni mwa spika inapita kwenye matundu hayo na kufuta ile ya mbele, besi inakufa. Toa ubao wa ndani wa mlango, safisha bati kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, kisha bandika shiti za butili (mpira unaonata) zenye karatasi ya alumini, unene wa milimita 2, ukizikandamiza kwa rola. Si lazima ufunike mlango wote. Theluthi moja ya bati la nje, nyuma ya spika na katikati, inatosha kuzima mtetemo. Matundu ya bati la ndani ndiyo yazibwe yote. Vitundu vya kutolea maji chini ya mlango viachwe wazi, la sivyo mvua zetu zitaozesha mlango kwa msimu mmoja. Wanaokuuzia lami ya mapaa kwa bei nafuu wakatae: jua likipiga inalegea, inanuka na kuanguka ndani ya mtambo wa kioo. Spika yenyewe ikae juu ya ringi ya tripleksi ya milimita 18 iliyopakwa vanishi pande zote, na kabla ya kuifunga shusha kioo hadi chini uone hakigusi sumaku.

Milango miwili ya mbele ikishapata matibabu hayo, wengi huacha kuulizia za nyuma.

Kilichobaki ni usukani wa kulia. Spika ya mlango wa kulia iko karibu nawe, ndiyo maana mwimbaji anaelemea upande huo. Redio ya skrini huwa na sehemu ya kuchelewesha sauti. Pima kwa mita toka sikioni hadi kila spika. Tuseme kulia ni sentimita 90 na kushoto 140: tofauti ni 50. Sauti husafiri sentimita 34 kwa milisekunde moja, basi ichelewe spika ya kulia kwa milisekunde 1.5. Angalia tu kwamba menyu haikupangwa kwa dereva anayekaa kushoto. Nyingi hutoka kiwandani hivyo, na ukiiwasha bila kubadili kiti mambo yanaharibika zaidi.

Papa mhariri, naendesha teksi, niko Ndosho. Tangu wanifungie ampli, injini ikiwaka spika zinapiga mluzi, na nikikanyaga mafuta mluzi unapanda. Fundi anasema ninunue filta. Ni kweli?

Filta ije mwisho, kama itahitajika kabisa. Mluzi unaopanda na injini unatoka kwenye alteneta na kupenya kupitia masi mbaya (waya wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari) au nyaya za RCA (zinazopeleka sauti toka redio hadi ampli). Zima ampli, chomoa RCA, washa tena na injini ikiwa inazunguka. Mluzi ukibaki, tatizo ni umeme wa ampli. Ukikoma, liko kati ya redio na ampli.

Waya wa masi wa ampli usizidi sentimita 50, uwe na unene sawa na wa chanya, na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi ling'ae. Ukishakaza bolti, paka grisi juu yake kuzuia kutu. Bolti ya mkanda wa usalama si mahali pa kufungia waya. Nyaya za RCA zipite upande mmoja wa gari na waya mnene wa umeme upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja. Kwenye barabara za mawe ya volkano bolti hulegea zenyewe, kwa hiyo zikaze tena baada ya mwezi.

Na mluzi ukianza ghafla kwenye gari lililokuwa kimya, weka multimita kwenye volti za AC, pima vichwa vya batri injini ikiwaka. Ikizidi nusu volti, dayodi za alteneta zimekufa. Huyo ni fundi umeme, si fundi redio.

Gari langu limetoka Japani na redio yake. Haishiki stesheni hata nusu ya zile wanazosikia majirani. Antena nimebadilisha mara mbili. — Mama wa Bukavu

Mama, antena haina kosa. FM ya Japani huanza 76 MHz, na redio nyingi za huko huishia 90. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kidude kinaitwa ekspanda, kinachofungwa kati ya antena na redio, kinachoshusha masafa. Soma namba yake kabla ya kulipa. Cha 20 hushusha 105.2 ya Radio Okapi Goma hadi 85.2, sawa kabisa, lakini 95.3 ya Okapi Bukavu kinaitupa 75.3, nje ya redio yako. Cha 14 kinakupa 95.3 kwenye 81.3, ila ukifika Goma 105.2 inakuwa 91.2, nayo imepotea. Anayesafiri kati ya miji hiyo miwili abadilishe redio tu.

Nimeweka sabufa ya sentimita 30 na ampli ya wati 300 RMS. Besi ikipiga, taa za mbele zinafifia. Dukani wananiambia kondensa ya faradi moja itamaliza. — Kijana wa Himbi

Kondensa ni kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo. Hiyo ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 inatoa jouli 26. Ampli yako ikifanya kazi yote inakula wati 375 hivi, kwa hiyo msaada wake unaisha kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Pesa hizo zipeleke kwenye waya.

Ampli hiyo inavuta ampea 27. Kwa mita 5 za waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ambao wengi hufungiwa, volti 0.95 zinapotea njiani. Kwa wa 16 zinapotea 0.15 tu. Lakini kwangua waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na upotevu wake unazidi kwa zaidi ya nusu. Fyuzi ya ampea 40 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka batri, maana kazi yake ni kuzuia waya usiwake moto ukigusa bodi. Kisha pima kwenye ampli yenyewe wakati wa besi nzito: isishuke zaidi ya nusu volti chini ya ile ya batri. Batri nayo ikishuka chini ya 13 injini ikizunguka, alteneta imeelemewa.

Usisahau kitasa cha geini kwenye ampli, kinacholinganisha ampli na redio. Si kitasa cha sauti. Chomoa sabufa, redio iwe robo tatu ya sauti, cheza toni ya 50 Hz, pima AC kwenye matokeo ya ampli. Kwa wati 300 na omu 4, acha kwenye volti 34.6. Ukipitisha hapo, ampli inakata vichwa vya mawimbi na koili ya sabufa inaungua huku ukidhani ni nguvu. Kata sabufa juu ya 80 Hz, na spika za milango zikate chini ya hapo hapo.

Boksi la sabufa hukulitaja. Lililofungwa, la tripleksi ya milimita 18, vipimo vya ndani sentimita 36 x 36 x 24, linakupa lita 31, kabla ya kutoa nafasi ya spika yenyewe. Ziba pembe kwa silikoni na uiache ikauke siku nzima kabla ya kufunga spika, kwa kuwa mvuke wake unaweza kuharibu spika.

Bluetooth inanipa sauti bapa kuliko flashi. Simu mbovu? — Majengo

Pandisha sauti ya simu hadi karibu na mwisho, tumia kitasa cha redio kupunguza. Zima ekwalaiza ya simu. Kisha angalia faili: wimbo wa kilobiti 64 uliozunguka WhatsApp haurudi kuwa mzima hata ukibadilishwa kuwa 320.

Spika ya mlango inakwaruza hata kwa sauti ndogo. — Msomaji wa Virunga

Sukuma koni taratibu kwa vidole vinne vilivyotawanyika sawasawa. Ikikwaruza ukisukuma, vumbi jeusi limeingia kwenye nafasi ya koili au koili imepinda, na kupuliza hewa hakutoi mchanga ule kwa sababu una chembe za chuma zinazovutwa na sumaku. Badilisha. Isipokwaruza, tafuta waya uliolegea au klipsi ya ubao wa mlango iliyovunjika, kisha weka mkono juu ya ubao huo muziki ukicheza: mlio ukikoma, umeipata.