Jurassic Park ya 4K: inunuliwe au la?

Mkuu, umeuliza kama diski ya 4K (yenye picha kali kuliko ya DVD) ya filamu ya Jurassic Park ina maana kwa mtu ambaye DVD yake bado inacheza. Kama TV yako ni kubwa, nunua, ila ujue deki ya DVD haitaisoma. Filamu ilipigwa kwa mkanda wa milimita 35, kwa hiyo picha ina mengi ambayo DVD haikuwahi kuyaonyesha. Mtazame yule dinosaria T. rex usiku ule wa mvua: maji yanavyochuruzika kwenye ngozi, mboni inavyosinyaa inapomulikwa tochi. Yule ni mdoli wa mashine wa kikosi cha Stan Winston, fundi wa viumbe vya sinema, na mpira wake ulinyonya maji hadi ukawa unatetemeka. Dinosaria wa kompyuta hawafiki hata dakika 10 filamu nzima, na hao ndio 4K inawaumbua kidogo, hasa wale wa shingo ndefu mchana kweupe. Mimi hawanisumbui, kwa kazi ya 1993!

Ila sauti usiipuuze. Unganisha hata sabufa ya kawaida, maana ile glasi ya maji inayotikisika T. rex akikaribia (walitumia waya wa gitaa chini ya dashibodi ya gari) bila besi haitishi mtu.