Barua kwa mwanangu: kabla hamjakubali uenyeji wa kambi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako tumezipata, nasi hatujambo. Umeuliza kama wewe na mumeo mkijitolea kuwa wenyeji wa kambi, yaani kukaa kambini mkiitunza na kuhudumia watalii wanaolala hapo, kwenye msitu wa taifa kule Colorado kiangazi hiki, karavani yenu itapaki bure kweli, na kazi yenyewe ni ipi.

Pesa ya kiwanja hamtatoa, ila mtailipa kwa saa. Nafasi nyingi hudai saa 20 hadi 32 kwa wiki. Swali la kwanza kwa mratibu wa wajitoleaji liwe hili: ni saa za kila mmoja, au zenu wawili kwa pamoja? Msitosheke na jibu la mdomo. Saa, siku za mapumziko na kazi zote ziandikwe kwenye mkataba wa kujitolea, ile fomu OF-301A, kabla ya kusaini. Mjitoleaji akiumia katika kazi iliyotajwa mle, hutazamwa kama mfanyakazi wa serikali kwa upande wa fidia ya majeraha. Akipanda paa kuziba bati bila kuagizwa, yuko peke yake. Pesa za wageni pia msizishike mpaka mkataba useme.

Matangazo ya nafasi hizi yako kwenye tovuti ya serikali, Volunteer.gov, na nafasi nzuri hujaa tangu majira ya baridi. Tazameni nani anaendesha kambi, maana nyingi za misitu ya taifa zimekabidhiwa kampuni binafsi, na huko mtu huajiriwa kwa mshahara. Kwa kuwa mumeo bado yuko kwa viza, aeleze hali yake mapema. Hata kazi isiyo na mshahara ina masharti ya uhamiaji.

Umeme ndio unaowasumbua wengi. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600 tu: kiyoyozi, maikrowevu na hita ya maji vikiwaka pamoja, swichi inajikata. Kambi nyingi za milimani hazina umeme kabisa, na jenereta hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kila mnapopanda mita 300. Ile ya wati 2,000 mkiifikisha mita 2,700, hesabuni kama 1,500. Penye umeme, waya mrefu wa zamani hushusha volti mchana wa joto. Ikiwa chini ya 105, kompresa ya kiyoyozi huvuta mkondo mwingi na kuungua. Nunueni kifaa cha ulinzi kinachojikata chenyewe volti ikishuka, maana kile cha kuzuia radi pekee hakiwasaidii hapo.

Upande wa maji, wekeni kipunguza presha, psi 40 hadi 50, kati ya bomba na mpira wenu wa maji. Usiku wa Juni milimani bado huganda, kwa hiyo jioni mwageni maji yaliyobaki mpirani. Valvu ya tanki la choo ikae imefungwa hata mkiwa mmeunganishwa na bomba la majitaka, mpaka tanki lifike theluthi mbili. Ikiachwa wazi, maji hutangulia na kinyesi hubaki kikikauka chini. Mkifungua, anzeni na la choo, kisha la maji ya kuoga, lisafishe njia.

Sasa kazi. Kusalimu wageni na kubandika kadi za walioweka nafasi ni jambo jepesi. Kambi hupimwa kwa vyoo na majivu, na hapo ndipo ningependa muweke moyo.

Vyoo ni vya shimo. Fagieni, mwagieni sakafu maji kwanza, ndipo jiki. Jiki ikikutana na mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu. Msizibe matundu ya hewa ukutani, kwani hewa huingia hapo, hushuka shimoni na kupanda na harufu kwenye bomba jeusi lililopashwa jua. Nepi na chupa zikitupwa shimoni, huziba mpira wa gari la kunyonya. Mkiona mavi ya panya, msifagie kabisa. Panya wa huko hubeba virusi vya hanta, na vumbi ndilo linaloua. Fungueni milango nusu saa, vaeni glavu, nyunyizeni jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, ngojeni dakika tano, kisha futeni kwa karatasi.

Kila asubuhi pitieni meko za walioondoka. Mwageni maji, korogeni kwa koleo, mwageni tena, halafu sogezeni mgongo wa mkono: pakiwa na joto, rudieni. Majivu yaende kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, kamwe si kwenye pipa la taka. Kaa lililofunikwa na majivu hukaa hai siku kadhaa, na upepo mmoja wa alasiri unatosha kuuchoma msitu.

Mgeni akipiga muziki baada ya saa nne usiku, mkumbusheni mara moja kwa upole. Akiwa mlevi au mkali, andikeni namba ya gari, rudini, mpigieni simu askari wa hifadhi. Ninyi si polisi. Kwa hiyo ulizeni pia kama simu zinashika pale, na kama hazishiki, iwapo mtapewa redio.

Saa zenu ziandikeni kila siku na mratibu azisaini. Mmoja wenu akifikisha saa zake 250, anastahili pasi ya kuingia bure kwenye hifadhi za taifa kwa mwaka mzima.

Nitumieni mkataba kabla hamjausaini, niusome na baba yako.

Mama yako