Ukitaka kumjua nzi mweupe, geuza jani utafute pupa

Jamani wenye nyanya kwa grinihausi, ukitikisa mmea uone wingu la nzi weupe halafu ukimbie agroveti kuitisha dawa, bado hujajua unapambana na nani. Wale wanaoruka wanafanana mno, wote wamejipaka poda nyeupe, na wataalamu wakitaka kutaja jenasi, yaani ukoo wa nzi huyo, kama ni Trialeurodes au Bemisia, wanaangalia yule mtoto wa hatua ya nne aliyejibandika chini ya jani hasongi popote, tunamuita pupa.

Mimi natumia lensi ya mkono ya mara 20. Chuma jani la chini maana yale machanga ya juu yana mayai tu, kisha litazame kwa upande. Pupa ya Trialeurodes imeinuka kama kibati cha mafuta ya kujipaka, kuta wima, imezungukwa na vinyuzi vya nta kama pindo la kitambaa, rangi nyeupe nyeupe hivi. Ya Bemisia ni ya njano, bapa, kingo zinateremka mpaka kwa jani, na hilo pindo haina.

Sasa kuna kitu kilinipoteza msimu mzima, nywele za mgongoni. Pupa za kwa nyanya zilikuwa na nywele ndefu, za kwa sukuma wiki hazina, nikaapa ni aina mbili, kumbe ni Bemisia tabaci yule yule, akikulia jani lenye manyoya anaota nywele na akikulia jani laini haoti. Niliamini tu nilipozichemsha kwa kemikali ya potasiamu haidroksaidi zikawa angavu nikaziweka kwa hadubini, nikaangalia lile tundu la karibu na mkia wanakotolea utomvu mtamu. Zote zilikuwa na tundu la pembetatu iliyorefuka, ndani kiulimi kirefu, na mfereji unaoshuka hadi mwisho wa mwili. Trialeurodes tundu lake linakaribia umbo la moyo. Hapo ndipo pa kuamulia, si kwa nywele.

Na hii si mambo ya maabara tu, Bemisia ndiye anayebeba kirusi cha majani ya nyanya kujikunja na kugeuka njano, Trialeurodes hakibebi hicho. Halafu nyigu mdogo Encarsia formosa anafaa zaidi kumuua Trialeurodes, akitaga yai ndani yake pupa inakuwa nyeusi. Ganda tupu pia linasema, mpasuko wa herufi T ametoka nzi, kitundu cha mviringo ametoka nyigu. Juzi nimehesabu pupa tisa nyeusi kwa jani moja, nikajua nyigu wanafanya kazi, pampu ya dawa nikairudisha stoo.